Kupima Mara Tatu

Machi 4

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, na paa la chumba cha Mwalimu limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimetega beseni. Naandika huku nyuma ya daftari langu la vipimo kwa sababu nikiendelea kukaa na mambo haya kifuani nitamfokea mteja asiye na kosa.

Mambo yenyewe ni haya. Baba yangu, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu na mimi pia nilimwita Mwalimu, alifariki mwezi wa kwanza. Alifundisha hesabu katika shule yetu ya msingi miaka thelathini na minne, akastaafu, akaishi mingine kumi na tisa akisahihisha mabango ya maduka. Sasa shule imejenga maktaba ya vyumba viwili na imeamua kuipa jina lake. Leo kamati imenijia hapa kibarazani ninaposhonea: mwalimu mkuu wa sasa, ambaye tulikaa naye dawati moja tukiwa watoto, na karani mstaafu wa shule, ambaye ni katibu wa kila kamati inayoundwa katika mji huu. Wana maombi mawili. Niwashonee pazia la kufunika kibao siku ya uzinduzi, tarehe kumi na nane Mei. Tena niandike historia ya maisha ya marehemu, niisome mbele ya watu.

Pazia nimelikubali. Kuhusu historia nimewaambia wamtafute mtu aliyesoma.

Karani akacheka, akasema binti Mwalimu ana utani. Halafu, kana kwamba sipo, akamgeukia Mkuu na kumsimulia ile hadithi. Mwaka ule shule ilipotakiwa kupeleka majina kumi tu kwenye sekondari ya bweni. Mwalimu akasahihisha mitihani, akabandika orodha mlangoni, na binti yake wa kumzaa hayumo. "Alimtema binti yake mwenyewe," alisema karani, sauti imelainika kama ya mtu anayesimulia harusi. "Wapi utampata mtu kama yule leo?"

Mimi nilikuwa nimeshika mkasi. Nilikata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

Machi 5

Suruali mbili, gauni moja. Mvua.

Machi 9

Karani ametangaza kwamba mwenye kumbukumbu ya Mwalimu aje kwangu. Wanakuja. Muuza vyombo amekuja, dereva wa gari la wagonjwa amekuja, mama mmoja nisiyemjua amekaa saa nzima akila muda wangu. Kila mmoja ananiambia nitoe kalamu niandike, kisha ananisimulia hadithi ileile: hakupendelea, hata binti yake alimrudisha darasa. Mmoja alipofika pale akakumbuka binti mwenyewe ndiye aliye mbele yake. Akaniuliza ninaendeleaje na cherehani.

Nimeanza kuihesabu. Hadi leo nimesimuliwa mara sita.

Machi 13

Ijumaa. Siku ya suruali.

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu alikuja kibarazani kwangu kila Ijumaa na suruali. Ipunguzwe kiuno, au irefushwe, au ile niliyoirefusha wiki iliyopita ifupishwe. Alikuwa na suruali nne tu na zote nilizijua kuliko miguu yake. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, mikono magotini, akanitazama nikifanya kazi. Hatukuwa na mazungumzo.

Sasa mimi nina tabia moja ambayo wateja huicheka. Nampima mtu mara tatu. Kiuno mara tatu, bega mara tatu, urefu mara tatu, na naandika vyote vitatu ndipo nakata. Siiamini hesabu yangu. Mtu aliyefelishwa hesabu na baba yake mbele ya mji mzima akiwa na miaka kumi na minne haiamini hesabu yake hata iwe ya vifungo vya shati. Na kila Ijumaa, mteja akishaondoka, Mwalimu alisema maneno yaleyale: "Mara ya kwanza ulikuwa sawa."

Ilikuwa inanikera hadi kwenye kucha. Nilijua alikuwa sawa, alikuwa sawa maisha yake yote, ndiyo shida yake. Siku moja nilimjibu kwamba kama anataka kusahihisha aende akasahihishe mabango. Akainuka, akachukua suruali yake ambayo nilikuwa sijaimaliza, akaenda. Ijumaa iliyofuata alirudi nayo.

Leo kiti kilikuwa kitupu, na nimejikuta nimekasirikia kiti.

Machi 20

Kamati inataka vitu vya kuweka mezani maktaba: kalamu yake, miwani, daftari za zamani. Daftari zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Sanduku lina kufuli. Nimemwuliza mama ufunguo. Mama, ambaye anajua ilipo kila sindano ndani ya nyumba hii, amesema umepotea.

Nimemtazama. Ameendelea kuchambua mboga.

Machi 21

Hadithi: mara ya kumi na moja. Leo ni kinyozi, na ametia chumvi. Eti Mwalimu alitokwa machozi akibandika orodha. Nilikuwepo. Alibandika, akapiga misumari minne, akaenda darasani.

Machi 29

Mdogo wangu amepiga simu kutoka huko aliko na kazi yake ya ofisini. Amesikia sitaki kuandika. Akanisihi weee. "Dada, andika tu mazuri, mambo ya zamani yaache huko huko. Baba alikuwa mtu mkubwa."

Baba. Yeye ana haki ya kusema Baba. Mimi niliingia shule nikiwa na miaka saba na Mwalimu akaniambia kuanzia leo ni Mwalimu, shuleni na nyumbani, ulimi usije ukateleza darasani watu wakasema. Ulimi haukuteleza. Ila mdogo wangu, baada ya mwaka ule wangu, aliondolewa akapelekwa shule ya ng'ambo ya mto, akafundishwa na walimu wengine, akapanda darasa baada ya darasa akimwita baba yake baba. Kila asubuhi Mwalimu alimvusha daraja mwenyewe, mvua au jua, halafu akarudi mbio kuwahi kengele. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi kwa fundi cherehani wakati huo. Niliwaona wakipita wameshikana mikono, na nikasema moyoni: haya, hakupendelea.

Nimemwambia nitaandika, shingo upande.

Aprili 1

Nimeandika: "Marehemu alizaliwa." Nikakwama hapo.

Aprili 6

Nimekwenda kupima ukuta wa maktaba kwa ajili ya pazia. Mara tatu, ndiyo. Upana mita moja na robo, kimo sentimita tisini. Fundi wa kuchomelea alikuwa anamalizia kibao cha chuma, akaniita nione herufi zilivyokaa. Jina la Mwalimu juu, miaka yake chini, na katikati maneno yaliyochaguliwa na karani: HAKUPENDELEA HATA DAMU YAKE.

Fundi akaniuliza kama nimeipenda. Nikamwambia herufi zimenyooka.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Nitashona pazia kwa mikono yangu, watu watalivuta, na nyuma yake nitakuwa mimi, nimechomelewa ukutani milele kama mtoto aliyefeli. Watoto watakaokwenda kuazima vitabu watauliza damu yake ni nani, na wataonyeshwa kibaraza changu. Nimerudi nyumbani nikiwa nimelowa na nikamjibu mama vibaya kuhusu jambo dogo la sufuria.

Aprili 7

Nimeomba radhi ya sufuria.

Aprili 8 hadi 12

Mvua, mvua, mvua. Nguo za wateja hazikauki. Cherehani inakwama. Hadithi: mara ya kumi na sita, kumi na saba. Historia: mistari minane, yote ya uongo.

Aprili 16

Nitaandika polepole.

Jana usiku mvua ilihamia upande wa pili wa paa. Asubuhi nilipoingia chumba cha Mwalimu, beseni lilikuwa kavu na maji yalikuwa yanatiririka ukutani hadi chini ya kitanda. Nikalivuta sanduku. Kona moja imeliwa na kutu na maji yanaingia. Nikamwita mama, nikamwambia navunja kufuli. Akasema nisivunje, kitu cha mtu hakivunjwi. Nikasema basi karatasi zake zitaoza, na kamati itaweka mezani uji. Akakaa kitandani.

Nilipoinama kusukuma maji kwa tambara, uso wangu ukawa sawa na pindo la gauni lake. Gauni hilo la bluu nililishona mwenyewe. Kwenye pindo, upande wa kushoto, kulikuwa na mshono wa uzi mweusi, mkubwa mkubwa, usio wangu. Mimi sijashona uzi mweusi kwenye nguo ya bluu tangu nilipojifunza kazi. Nikalipapasa lile pindo kwa vidole na nikakuta kitu kigumu.

Mama hakuvuta mguu. Nikachukua mkasi, nikafumua, na ufunguo ukaanguka sakafuni.

Sanduku lilikuwa limejaa mitihani. Mwalimu alikuwa na sheria yake kwamba karatasi ya mtihani haitupwi kabla ya miaka mitatu, mzazi asije akauliza. Alitunza kweli miaka mitatu mitatu, kisha alichoma nyuma ya nyumba, mimi mwenyewe nimeshika kibiriti mara nyingi. Zilizobaki ni za miaka yake ya mwisho kazini. Isipokuwa furushi moja chini kabisa, limefungwa kwa mfuko wa nailoni na kamba, halina hata tone la maji. Ndani yake kuna daftari la alama la mwaka ule wangu, na karatasi moja tu ya mtihani.

Niliujua mwandiko kabla sijasoma jina. Saba zangu zilikuwa na mkia.

Imesahihishwa kwa wino mwekundu, swali moja moja. Vema. Vema. Vema. Kosa moja kwenye eneo la shamba la pembetatu, la pili kwenye treni mbili zinazokutana. Chini kabisa, ndani ya duara: 81. Nikafungua daftari la alama. Jina langu lipo katikati ya wengine, na mbele yake, kwa mwandiko wake mzuri ambao haukutetemeka, 58.

Nimejumlisha alama za karatasi yangu. Themanini na moja. Nikajumlisha tena. Nikajumlisha mara ya tatu.

Aprili 17

Sijashona chochote.

Mama amezungumza. Nilikuwa nimekaa mlangoni, yeye yuko kitandani kwa Mwalimu, amekikalia kana kwamba kuna mtu atakuja kukidai. Alisema mwaka ule karani alikuwa anapita mjini akisema mitihani inapikiwa jikoni kwa Mwalimu, kwamba binti Mwalimu anayaona maswali kabla ya wenzake. Mji ukalibeba neno. Mzazi mmoja akamwuliza Mwalimu sokoni, mbele za watu, kama mwaka huu binti atakuwa wa kwanza au wa pili.

"Alikuja na ile karatasi yako mfukoni," alisema mama. "Akaniambia, amepata themanini na moja, watasema nimempikia. Nikamwambia, waache waseme. Hakuweza. Baba yako alikuwa hawezi maneno ya watu, mwanangu. Simba darasani, lakini maneno hakuyaweza."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema mpango ulikuwa wa mwaka mmoja. Nirudie darasa, mtihani wa mwaka unaofuata usahihishwe na mwalimu wa shule nyingine, nipite peupe, kila mdomo ufumbwe. Angeniambia siku hiyo. Ila mimi sikurudia. Siku ya pili baada ya orodha nilikwenda kwa fundi cherehani nikaomba kazi ya kufagia vipande, na nikaapa sikanyagi tena shule. Hapo akawa amechelewa, na kila mwaka ulipopita akachelewa zaidi.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Mimi nilimngoja aseme mwenyewe."

Miaka thelathini na moja, watu wawili wazima wanangojana, na mimi katikati napima kiuno cha mtu mara tatu. Nilitoka nje kwenye mvua kwa sababu ningebaki ningesema neno ambalo halifutiki. Nimelowa bure. Hasira haikulowa.

Aprili 18

Ni leo tu nimelikumbuka. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano.

Mara ya kwanza ulikuwa sawa.

Kila Ijumaa. Miaka kumi na tisa. Suruali zilezile nne.

Nimeshindwa kuutia uzi.

Aprili 19

Bado nimekasirika. Nafikiri nimekasirika zaidi. Kusema hivyo siyo kusema. Mtu mzima anakuja na suruali, anakaa, anatamka nusu ya jambo, anasubiri mtoto wake aliyeambiwa hajui hesabu aijumlishe mwenyewe. Angeweza kufungua mdomo. Nilikuwa mita moja kutoka kwake.

Aprili 25

Nimempelekea Mkuu ofisini. Nimeziweka mbele yake, karatasi na daftari, na nikakaa bila kukaribishwa. Amesoma kwa kidole kama anavyosoma tangu tukiwa dawati moja. Kidole kikashuka kwenye orodha hadi kwa wa kumi. Wa kumi alipata sitini na sita. Wa kumi ni yeye.

Anajua hesabu. Niliona ameshafika kabla hajainua macho: mimi ningekuwa wa tatu, kila aliye chini yangu angeshuka ngazi moja, na wa kumi angekuwa wa kumi na moja.

"Kwa hiyo nafasi ilikuwa yako," alisema.

Nikamwambia sikuja kudai kiti. Nimekuja kumwambia kwamba historia nimepata cha kuandika. Akainuka, akafunga mlango, akaniomba nisiisome siku ile. Alisema ana walimu kumi na wanne chini yake na wazazi wenye midomo. Alisema ile hadithi ndiyo aliyoisimulia kila mwaka, siku ya kwanza ya shule, kuwafundisha watoto uaminifu. Hiyo nilikuwa siijui. Kila mwaka, mbele ya watoto mia sita, na mimi ndiye niliyewashonea sare walizovaa wakisikiliza.

"Mwenzangu, unataka nifanye nini?" alisema mwishoni.

Nilichukua karatasi zangu nikaondoka. Njiani nilikutana na karani, akanishika mkono, akaniuliza historia imefikia wapi. Nikamwambia imefikia jikoni. Hakuelewa, akanisifu kwa bidii.

Aprili 30

Pazia nimelikata. Kitambaa kizito cha kijani, bitana nyeupe. Historia nimeichana, naanza upya.

Mei 4

Watu bado wanaleta kumbukumbu, na sasa nazisikiliza kwa sikio lingine, hilo nalo linanichosha. Dereva wa gari la wagonjwa alirudi na jambo alilolisahau mara ya kwanza. Alipokuwa hajui kujumlisha, Mwalimu alimfundisha kwa hatua za kutembea uwanjani, mchana mzima, hadi viatu vikafumuka. Niliandika hilo. Ni kweli na ni zuri. Nilitamani liwe uongo, ili nimchukie mzima mzima, lakini hata hilo amenikatalia.

Hadithi: mara ya ishirini na nne. Sijamkatiza aliyeisimulia.

Mei 11

Mdogo wangu amefika. Nimemwonyesha. Amesoma karatasi, akaipindua, akaisoma nyuma ambako hakuna kitu. Amelia, na mimi nikabaki namtazama kama mtu aliyeibiwa zamu yake. Alipomaliza akasema nisisome, nimzike baba yetu mara moja tu, nisimzike tena mbele ya mji. Akasema anaelewa uchungu wangu. Nikamwuliza anauelewaje, yeye aliyevushwa daraja. Akanijibu taratibu kwamba sasa anajua kwa nini alivushwa.

Nilitaka kugombana naye zaidi. Ilikuwa kweli, na ukweli wa mtu mwingine unaudhi.

Mei 16

Mezani tulikuwa watatu. Mdogo wangu aliendelea: heshima ya marehemu, jina la ukoo, na kadhalika. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa karibu kukubali. Nilichoka. Nilishaiona siku ikipita, nikisoma ile mistari minane, watu wakipiga makofi, nikirudi kwenye cherehani yangu.

Mama akaweka kijiko chini. Akamtazama mdogo wangu, kisha mimi.

"Soma," alisema. "Mimi nimechoka kumtunzia."

Akaendelea kula.

Mei 18

Mvua ilianza saa tatu asubuhi wakati watu wanapanga viti. Wakahamia kwenye veranda ya maktaba na chini ya turubai, watu mia mbili hivi, miavuli mingi. Mama alikaa mbele, gauni la bluu, pindo nimelishona upya.

Karani alifungua shughuli. Kabla hajamaliza ukaribisho alikuwa ameshaisimulia. Mara ya ishirini na tisa. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kama wanavyofanya kwa wimbo wanaoujua. Halafu nikaitwa.

Nilisoma alizaliwa wapi na alianza kazi lini. Nikasoma juu ya viatu vilivyofumuka uwanjani, na dereva akaangalia chini. Nikasoma juu ya mabango ya maduka, wakacheka. Kisha nikafika kwenye mwaka ule, na nikaona nyuso zikijiandaa kuipokea tena. Nilichosoma ni hiki, nimekinakili neno kwa neno:

"Mwaka ule nilipata themanini na moja kwa mia. Karatasi ninayo hapa, imesahihishwa na yeye. Kwenye daftari aliandika hamsini na nane. Hakufanya hivyo kwa sababu ya haki. Aliogopa maneno yenu. Mlikuwa mkisema mtihani unapikiwa jikoni kwetu, na yeye aliona ni rahisi kumkata mtoto wake kuliko kuwajibu. Alikosea. Alijua amekosea, akaitunza karatasi miaka thelathini na moja mahali pakavu. Mimi ni fundi. Nguo ikikosewa kukata, hainyooki kwa kuivaa. Naomba isisimuliwe tena kwa watoto."

Nikakunja karatasi. Mvua ilisikika juu ya mabati. Karani akasimama, mwavuli mkononi ingawa alikuwa ndani, akasema marehemu hasemwi, na kwamba haya yangeweza kusubiri. Mama akamjibu bila kugeuka, akiwa ameketi. Alisema yamesubiri ya kutosha, na kwamba yeye karani anajua yalianzia mdomo wa nani. Karani akakaa. Sitamtaja zaidi ya hapo. Ana umri wa kuwa babu.

Ratiba ilisema sasa wale kumi wa mwaka ule wajipange, wavute pazia pamoja. Sita wako hai na wanne kati yao wamekuja. Mkuu alikuwa na orodha mkononi. Alisimama muda mrefu akiitazama. Nilidhani ataahirisha.

Aliita kama mahudhurio. Majina yote kumi, waliopo wakaitikia, wasiokuwepo akaacha kimya kipite. La kumi lilikuwa lake, akajiita, akajiitikia. Baadhi ya watoto wakacheka. Halafu akaita jina la kumi na moja, langu, majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye daftari.

Wakati huo mimi nilikuwa juu ya kiti. Kamba ya pazia ilikuwa imelowa, ikavimba, imekwama kwenye pete, na mdomoni nilikuwa na pini nne. Mji mzima ulinigeukia. Niliitikia kwa meno yaliyofungwa, nadhani ilisikika kama kikohozi. Nilitoa pini.

"Nipo," nikasema.

Pazia lilifunguka kwa kuchanika kidogo. Maneno ya karani yapo ukutani, yamechomelewa. Fundi alikuja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuyasaga kwa mashine, siku moja tu ya kazi. Nikamwambia ayaache kwanza. Watoto watauliza, na safari hii waletwe kwangu niwajibu mwenyewe.

Mkuu alinisindikiza hadi getini chini ya mwavuli mmoja. Bega lake lote la kulia lililowa kwa kunifunika mimi.

Mei 19

Jua. Nimeanika magodoro.

Mei 29

Ijumaa. Mvua zimekwisha, paa la chumba limepakwa lami. Mdogo wangu amerudi kazini. Kuna wanaonisalimia na kuna wanaovuka barabara, nami sina nguvu za kuwahesabu.

Asubuhi mama mmoja ameleta binti yake apimwe sare. Nimepima kiuno, nikaandika: hamsini na sita. Nikashika mkasi, nikajiambia kata. Themanini na moja imesomwa mbele ya watu mia mbili, kata tu. Nimesimama hapo hadi yule mtoto akaniuliza kama kuna kosa.

Nimempima tena. Hamsini na sita. Nimempima mara ya tatu.

Walipoondoka nilitazama kile kiti. Alistahili nimfokee, na sina wa kumfokea. Basi nikayasema mwenyewe, kwa sauti, maneno yake. Yalikuwa mepesi kabisa mdomoni. Ingekuchukua muda gani, Baba, kuongeza mengine matano?

Mara ya kwanza nilikuwa sawa.